Cousteau: Aliyejifunza kuelea ili atuonyeshe kilindi

WAHENGA walinena kuwa bahari haiishi zinge. Kwa karne nyingi, hata hivyo, binadamu aliyashuhudia mazinge ya juu ya maji tu. Ya chini aliyaona kwa muda wa pumzi moja, kisha akalazimika kuibuka kutafuta hewa. Ama aliteremshwa akiwa amevishwa kofia ya shaba na viatu vya risasi, akawa anaburura miguu mithili ya mfungwa aliyetiwa pingu.

Jacques-Yves Cousteau, afisa wa jeshi la majini la Ufaransa aliyeaga dunia mwaka 1997, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuzikata pingu hizo. Wengi humkumbuka kwa kofia yake nyekundu ya sufu na kwa meli yake, Calypso, iliyoingia sebuleni mwa mamilioni ya watu kupitia runinga.

Wachache hukumbuka kwamba umaarufu huo ulijengwa juu ya swali moja lililoonekana dogo: mtu afanyeje ili atulie katikati ya maji, asizame wala asiibuke, huku mikono yake miwili ikiwa huru kushika kamera?

Jibu la swali hilo lilimletea sifa na tuzo. Vilevile lilimgharimu rafiki na, mwishowe, likamlazimu aitazame upya kazi ya mikono yake mwenyewe.

Ajali iliyomgeuza

Cousteau alizaliwa Juni 11, 1910, katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, karibu na Bordeaux, kusini magharibi mwa Ufaransa. Babake, Daniel, alikuwa mwanasheria aliyewafanyia kazi matajiri wa Kimarekani, na kwa sababu hiyo familia yao ilihamahama.

Jacques alikuwa mtoto asiye na afya njema, ila maji yalimvutia tangu utotoni. Familia ilipokuwa ikiishi Marekani, alipelekwa katika kambi ya watoto jimboni Vermont na huko akapewa kazi ya kuondoa matawi yaliyozama ziwani. Ndipo alipoanza kujizoeza kukaa chini ya maji.

Alipofika umri wa miaka 13 alijinunulia kamera ndogo ya filamu, akaifungua na kuiunga upya ili ajue inavyofanya kazi. Mapenzi hayo mawili, ya maji na ya kamera, yalikuwa bado hayajakutana.

Mwaka 1930 alijiunga na chuo cha maafisa wa jeshi la majini mjini Brest. Nia yake ilikuwa kuwa rubani. Lakini mja hunena, Mungu hunuia. Mnamo 1936 gari alilokuwa akiliendesha usiku lilimshinda likapinduka, na mikono yake yote miwili ikavunjika.

Mkono mmoja uliharibika kiasi kwamba madaktari walipendekeza ukatwe. Cousteau alikataa katakata, akavumilia miezi mingi ya mazoezi yenye maumivu. Ndoto ya urubani ilifia hapo.

Alihamishiwa Toulon, kwenye pwani ya Mediterania, ambako aliogelea kila siku ili kuinyoosha mikono yake. Huko afisa mwenzake, Philippe Tailliez, alimpa miwani ya kuzamia. Cousteau alitumbukiza uso majini akaona msitu wa mwani na samaki waliokuwa wakipita bila kumjali. Alipoinua kichwa aliwaona watu na magari barabarani. Dunia mbili zilikuwa zimetenganishwa na utando mwembamba wa maji, na kuanzia siku hiyo hakutaka tena kuishi katika moja tu.

Mwaka 1937 alifunga ndoa na Simone Melchior, binti wa ukoo wa mabaharia. Walijaliwa wana wawili, Jean-Michel na Philippe. Baadaye kidogo Cousteau na Tailliez walikutana na Frédéric Dumas, mwindaji stadi wa samaki, nao watatu hao wakawa chanda na pete.

Pumzi moja, picha moja

Filamu ya kwanza ya watatu hao ilitengenezwa mwaka 1942, wakati Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea. Ufaransa ilikuwa imeshindwa, na kila kitu kilikuwa adimu. Cousteau alitumia kamera kuukuu iliyotiwa ndani ya kasha lisilopitisha maji, kazi ya fundi wa jeshi la majini aliyeitwa Léon Vèche. Kwa kuwa ukanda wa filamu haukupatikana, walinunua mikanda mifupi ya kamera za picha za kawaida, wakaigundisha gizani kipande kwa kipande.

Filamu hiyo, iliyopewa jina linalomaanisha mita 18 chini ya maji, ilipigwa bila vifaa vya kupumulia. Kila tukio lilidumu kadiri pumzi ya mpiga picha ilivyodumu.

Kwa Cousteau, hilo halikutosha. Mtu anayeshika pumzi ana haraka, na mwenye haraka hatulii. Akiwa mwepesi kupita kiasi, maji humsukuma juu. Akiwa mzito, humlazimu kupiga miguu bila kukoma ili asididimie. Kwa vyovyote vile picha hutikisika, samaki hukimbia, na mchanga wa chini hutimka ukayachafua maji.

Ufumbuzi ulitoka mahali pasipotarajiwa. Babake Simone alikuwa na nafasi katika kampuni ya gesi ya Air Liquide, na kupitia kwake Cousteau alikutana mjini Paris, Desemba 1942, na mhandisi Émile Gagnan. Kutokana na uhaba wa petroli, Gagnan alikuwa ameunda vali ya kuendeshea magari kwa gesi, iliyotoa gesi kwa kiasi kile tu ambacho injini ilikihitaji. Cousteau aliona kuwa mapafu nayo ni injini ya namna yake.

Mapema 1943 walikijaribu kifaa chao katika mto Marne. Cousteau alipolala kifudifudi kilifanya kazi barabara. Aliposimama wima hewa ilimwagika ovyo, na alipogeuza kichwa chini alipumua kwa shida. Waligundua kuwa tundu la kutolea hewa lilikuwa mbali mno na vali ya kuiingizia, hivyo shinikizo la maji lilitofautiana kati ya pahali hapo pawili. Waliyasogeza yakawa pamoja, na tatizo likaisha.

Juni mwaka huo, kwenye ufuo wa karibu na Bandol, Cousteau aliingia baharini akiwa na mitungi mgongoni na mkanda wa risasi kiunoni, huku Simone akimchunga kutoka juu. Alielea, akapinduka, akasimama kichwa chini miguu juu, na pumzi haikukatika.

Jambo moja lilimpendeza zaidi. Uzito wake ulipokuwa umesawazishwa vyema, alipanda kidogo kila alipovuta pumzi na kushuka kidogo kila alipoitoa. Mapafu yake yakawa usukani, nayo mikono ikabaki na kazi moja tu.

Kamera nayo ilihitaji kusawazishwa vivyo hivyo. Kitu chochote kilichozama husukumwa juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji kinayoyaondoa. Kasha kubwa lenye hewa nyingi huelekea juu na kuvuta mikono ya mpiga picha. Lililo zito humwelemea kichwani na kumwinamisha. Lililopimwa sawasawa hubaki likielea mbele yake, naye huligeuza kwa kidole.

Kwa mbinu hizo yeye na wenzake walipiga filamu ya pili mwaka huohuo wa 1943, kuhusu meli zilizozama. Kwa mara ya kwanza kamera yao ilipata nafasi ya kutembea polepole ndani ya mabaki hayo, badala ya kuyachungulia.

Vazi lenye hila

Adui aliyefuata alikuwa baridi. Maji huunyang'anya mwili joto kwa kasi kubwa kuliko hewa yenye baridi iyo hiyo, na mtu anayetetemeka hawezi kushika kamera ikatulia. Njia iliyokuwepo ilikuwa kuvaa vazi la mpira lisilopitisha maji, lenye hewa ndani yake.

Vazi la aina hiyo, hata hivyo, lina hila. Juu ya maji mwili hubeba shinikizo moja la angahewa. Kwenye kina cha mita 10 huwa mawili, na hewa iliyomo vazini hupungua ikawa nusu ya ujazo wake. Mpira hubana ngozi na kuifinya, naye mpiga mbizi huwa mzito zaidi kadiri anavyoshuka.

Anapopanda mambo hugeuka. Hewa hutanuka, vazi hufura, na asipoitoa mapema humrusha juu kama kifuniko cha chupa, jambo linaloweza kumpasua mapafu au kumletea maradhi ya viungo. Akiinamisha kichwa, hewa hukimbilia miguuni ikamning'iniza kama popo.

Mnamo 1946 Cousteau alibuni vazi la kukabiliana na hila hizo, lenye kuhifadhi ujazo uleule katika kila kina. Miwani iliunganishwa na vazi, hivi kwamba mpiga mbizi aliongeza hewa kwa kuipumulia kupitia puani. Vali zilizotiwa kichwani, kwenye viwiko vya mikono na kwenye vifundo vya miguu zilitoa hewa iliyozidi, mwili uwe umesimama, umelala au umepinduka. Mtengenezaji filamu Marcel Ichac alilitumia vazi hilo chini ya barafu ya Greenland.

Vazi la leo la maji baridi huingiziwa hewa kutoka kwa mtungi kupitia vali ya kifuani na kuitoa kupitia vali ya mkononi, lakini kanuni ni ileile. Hewa huongezwa kidogo kidogo wakati wa kushuka, na hutolewa kabla haijaanza kumvuta mtu juu.

Hapo ndipo kamera huwa rafiki na adui. Jicho likishanaswa na samaki aliyemo ndani ya kioo, mkono husahau vali. Wapiga mbizi wengi waliofuata walifunzwa kwanza kutulia bila kitu mkononi, na kisha ndipo wakaruhusiwa kubeba kamera.

Gharama ya kujaribu

Cousteau mwenyewe alilipia elimu hiyo. Agosti 1946 yeye na Dumas walizama katika chemchemi ya Vaucluse, pango lenye maji baridi kusini mwa Ufaransa. Hawakujua kuwa hewa ya mitungi yao ilikuwa imechanganyika na moshi wenye sumu kutoka kwa injini ya mashine iliyoijaza.

Wakiwa chini akili zao zilianza kulegea. Vazi la Dumas liliingia maji likawa zito, naye karibu azimie. Cousteau alijaribu kuukwea ule mkono wa kamba uliowaunganisha na watu wa juu huku akimvuta mwenzake. Mshika kamba, Maurice Fargues, alidhani anaombwa alegeze, na kwa muda wa kutisha akawa anaachilia kamba zaidi. Hatimaye alihisi kuna hatari, akawavuta wote wawili hadi juu.

Mwaka mmoja baadaye, Septemba 1947, Fargues huyo huyo alishuka karibu na Toulon katika majaribio ya kupima mwisho wa uwezo wa mtu anayepumua hewa ya kawaida. Alitia sahihi yake kwenye kibao kilichofungwa kambani katika kina cha mita 120. Walipomvuta juu, mrija wa hewa ulikuwa umemtoka mdomoni. Juhudi za kumhuisha ziliambulia patupu.

Hewa ya kawaida inapovutwa kwa shinikizo kubwa, naitrojeni iliyomo hulevya kama pombe. Ulevi huo wa kilindini humfanya mtu ajione salama pale anapokaribia kufa. Fargues, aliyewaokoa wenzake, hakuwa na wa kumwokoa. Baada ya kifo chake kikosi cha Cousteau kiliweka mipaka ya kina, na mipaka hiyo ikazidi kuheshimiwa.

Meli na tuzo

Mwaka 1950 tajiri wa Uingereza, Loël Guinness, alinunua meli ya mbao iliyowahi kutumiwa na jeshi la majini la Uingereza kuondoa mabomu baharini, akamkodisha Cousteau kwa faranga moja kwa mwaka. Hiyo ndiyo Calypso. Simone aliishi melini humo kuliko mumewe, akiwatunza mabaharia bila kupenda kuonekana kwenye filamu.

Kitabu chake kuhusu ulimwengu wa kimya, alichokiandika pamoja na Dumas, kilitoka mwaka 1953. Profesa Harold Edgerton wa Marekani alimsaidia kwa taa za kumulika vilindini, naye Mbelgiji Jean de Wouters alibuni kamera ndogo ya chini ya maji iliyobeba jina la Calypso, ambayo kampuni ya Nikon iliiuza kwa jina la Nikonos kuanzia 1963.

Mnamo 1955 Calypso ilipitia Bahari ya Shamu hadi magharibi mwa Bahari ya Hindi. Katika kisiwa cha Assumption, karibu na Aldabra, wapiga mbizi walifanya urafiki na chewa mkubwa aliyewafuata kama mbwa. Filamu iliyotokana na safari hizo, ambayo Cousteau aliiongoza pamoja na kijana Louis Malle, ilishinda tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka 1956 na tuzo ya Oscar mwaka uliofuata.

Hata hivyo, kamera haina aibu wala upendeleo. Filamu hiyohiyo inawaonyesha mabaharia wakilipua matumbawe kwa baruti ili wahesabu samaki, wakiwapanda kobe migongoni, na wakiwaua papa kwa hasira baada ya meli yao yenyewe kumjeruhi mtoto wa nyangumi. Watazamaji wa wakati huo walishangilia. Wa leo hufumba macho.

Kutoka mwindaji hadi mlinzi

Cousteau hakubaki pale alipokuwa. Kadiri alivyorudi kwenye miamba aliyoipiga picha ujanani, ndivyo alivyoona samaki wamepungua na maji yamechafuka. Picha za kale zikawa ushahidi wa kilichopotea.

Mwaka 1960 alipinga hadharani mpango wa kutupa taka za nuklia katika Mediterania, na mpango huo ukasitishwa. Kuanzia 1968 vipindi vyake vya runinga vilionyeshwa nchini Marekani na kwingineko, na mnamo 1973 alianzisha chama cha kutetea bahari chenye jina lake.

Kazi hiyo aliifanya bega kwa bega na mwanawe mdogo, Philippe, mpiga picha hodari ambaye wengi walimwona kama mrithi wake. Juni 28, 1979, ndege ya majini aliyokuwa akiiendesha Philippe ilipata ajali katika mto Tagus, karibu na Lisbon, naye akafariki akiwa na umri wa miaka 38. Baba aliyenyimwa urubani na ajali ya gari alimpoteza mwana kwa ajali ya ndege.

Cousteau alirejea kazini akiwa na huzuni asiyopenda kuizungumzia. Simone alifariki mwaka 1990, na mwaka uliofuata Cousteau akaoa tena. Wakati huo alikuwa akikusanya sahihi za watu wa mataifa mbalimbali kupinga uchimbaji wa madini katika bara la Antaktika. Oktoba 1991 mkataba wa kupiga marufuku uchimbaji huo ulitiwa sahihi mjini Madrid.

Januari 1996 Calypso iligongwa na tishali bandarini Singapore ikazama. Iliopolewa, lakini haikusafiri naye tena. Cousteau aliaga dunia mjini Paris Juni 25, 1997, akiwa na umri wa miaka 87. Misa yake ilisomwa katika kanisa kuu la Notre-Dame, na mwili wake ukazikwa katika mji uleule alikozaliwa.

Urithi wake haupo makavazini pekee. Septemba 2019, gari lililokuwa na mama na bintiye lilipotumbukia kutoka kwa feri katika kivuko cha Likoni, wapiga mbizi walioshuka katika maji yale ya giza, siku baada ya siku hadi miili ilipoopolewa Oktoba 11, walitegemea vali ya ukoo ule uliojaribiwa na kurekebishwa mtoni Marne.

Naye mvuvi au mtalii anayeelea leo juu ya matumbawe akiwa ametulia, kamera mbele yake, anafuata somo ambalo Cousteau alichukua miaka mingi kulielewa. Alianza kwa kutafuta utulivu ili picha yake isitikisike. Alipoupata, akaona kuwa utulivu huohuo ndio unaomwezesha mgeni kuitazama bahari bila kuivunja.